Kitwana wa Uwesu

Jumapili, 11 Agosti 1974

Mjomba Uwesu kaja tena. Saa ya kula, kama kawaida yake — pua ile ingefaa kazi ya upolisi. Nilikuwa nimesonga ugali wa unga wa yanga, na dagaa. Kautazama ule unjano, kakunja uso, kasema nyumbani kwa babu yake, Uwesu wa kwanza, hata punda hawakulishwa kitu kile. Halafu kaumaliza. Na sufuria kakwangua.

Lakini leo hakuletwa na njaa peke yake. Shamba letu la Kwa Kitwana, huko Kisarawe ndani, limeingizwa katika mpango wa kijiji kipya, Songambele. Watu wote wanahamishiwa barabarani. Nyumba mistari miwili, mlango ukitazama mlango. Nyumba ya Mama itavunjwa. Katibu wa kijiji, kijana wa kusini anayeitwa Ndugu Tarsis, kasema iko njia moja tu: mwenye karatasi inayoonyesha ni nani aliyefungua pori pale, na kwamba yeye ni damu yake, nyumba yake itafikiriwa ibaki, pamoja na makaburi. Mwisho Jumamosi tarehe 31.

Mama ana miaka sabini. Kazaliwa nyumba ile, kanizaa mimi mle, kamzika baba yangu hatua ishirini toka mlangoni. Amesema hatoki. Wavunje naye akiwa ndani. Na Mama hasemi kitu mara mbili.

Basi Mjomba kaniteua mimi nitafute karatasi. "Zamzam, wewe ndiye msomi wetu." Msomi! Miaka yote mimi ni yule mwanamke wa taipu aliyewashinda waume wawili. Leo nimekuwa msomi. Nimekubali, kwa ajili ya Mama. Mjomba asijisumbue kunishukuru, na hakujisumbua.

Kabla ya kuondoka kanisimulia hadithi ya Babu, baba yao yeye na Mama, ya mara elfu. Kitwana bin Uwesu, mtoto wa mwenye mji, kamuaga baba yake, katoka na watu arobaini na bunduki mbili, kaingia porini, kaua simba, kafungua shamba. Nikiwa mdogo simba alikuwa mmoja. Leo walikuwa watatu. Wanazaana mdomoni mwake.

Jumanne, 13 Agosti

Mjomba kaleta sanduku la bati la Babu. Kalipakiza kwenye mkokoteni kutoka kwake Mchikichini mpaka hapa Mtaa wa Mahiwa, yeye mbele na bakora, mchukuzi nyuma anatoka jasho. Kila aliyemuuliza alijibiwa: "Nyaraka za ukoo." Nyaraka! Mende saba, nimewahesabu.

Yaliyomo: stakabadhi za kodi, nyingi zimeliwa pembeni. Cheti cha ndui. Picha ya mtu aliyekaa kitini, Mjomba kasema ni Babu, nyuma imeandikwa "Fundi Abdulrasul, Tanga". Na barua moja mpya kuliko zote, ya Mjomba mwenyewe, ya kumwachisha kazi ya stoo. Kaipokonya mkononi mwangu, lakini macho yangu ni ya mpiga taipu, yanasoma kabla sijayatuma. "Uzembe na maneno mengi." Na sisi tumeambiwa miaka kumi kwamba alistaafu kwa heshima!

Stakabadhi nimezipanga kwa miaka. Za mwanzo, za Mdachi, zimeandikwa "Kitwana" tu. Za Mwingereza, kuanzia 1924, "Kitwana Uwesu". Nikamuuliza Mjomba: mbona jina la baba limechelewa kufika? Akafikiri. Akasema Wadachi walikuwa wavivu wa kuandika.

Mdachi! Mvivu wa kuandika! Watu waliohesabu mpaka mikungu ya ndizi.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimepata kitu. Chini ya sanduku walibandika gazeti, na chini ya gazeti karatasi moja imekunjwa mara nne. Nzito, ya zamani, muhuri wa ndege mkubwa juu. Maandishi ya Kiarabu. Mimi siyasomi, shule yangu ilikuwa ya wamisheni.

Jioni nikampelekea Mjomba barazani kwake. Rafiki zake wote wapo, kahawa inazunguka. Yeye siku zote anajisifu kahitimu chuo cha Kurani akiwa na miaka tisa. Kavaa miwani. Kajikohoza. Kasoma kwa sauti, anayumba kama imamu: Kitwana bin Uwesu, watu arobaini, bunduki mbili, simba watatu — yote yamo! Wazee wanatikisa vichwa, mashallah, mashallah.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Yule ndege wa muhuri alikuwa miguu juu.

Nilinyoosha mkono, nikachukua karatasi yangu, nikamwambia nimeelewa, ahsante. Debe tupu haliachi kuvuma. Lakini nimecheka njia nzima mpaka Msimbazi, peke yangu, watu wakanipisha.

Jumamosi, 17 Agosti

Kazi saa sita imeisha, nikaenda kwa Maalim Pazi, chuoni kwake Mtaa wa Sikukuu. Watoto wanapiga kelele za juzuu, yeye kakaa kwenye mkeka anachoma udi kuua harufu ya mtaro. Kaipokea karatasi kwa mikono miwili. Kaisoma kimya kwanza — hivyo ndivyo anavyosoma mtu anayejua. Kisha kaniandikisha polepole:

"Pori la ng'ambo ya mto limefyekwa na Kitwana wa Uwesu kwa mkono wake, misimu mitatu, na mpaka wake ni mkuyu na jiwe. Ameandika karani kwa amri ya akida."

Nikaruka! Nikasema basi, Maalim, imekwisha, Mama amepona. Hakuna simba, hakuna watu arobaini, lakini Babu yumo!

Kaniambia nikae. Kaniuliza: "Kitwana yupi?"

Nikamwambia Kitwana, Babu, jina lake. Kasema inawezekana. Ni jina la watu. Zamani mtoto akitanguliwa na ndugu zake kufa, huitwa jina la unyonge, Kitwana, Mtumwa, ili kifo kimdharau kimpite. Waungwana wengi waliitwa hivyo. Lakini kitwana pia si jina. Kitwana ni kijana wa kiume aliyenunuliwa. "Kitwana wa Uwesu" ni mtoto wa Uwesu anayeitwa Kitwana, au ni mtumwa wa Uwesu. Na maandishi haya hayana herufi kubwa ya kuanzia jina wala ndogo. Jina na jembe vinaandikwa sawa.

"Na wewe, Maalim, unasomaje?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa, mwanangu. Waulize akina Uwesu, huyo wa zamani alikuwa na watoto gani."

Nimerudi nyumbani na maandazi mawili, sikuyala.

Jumapili, 18 Agosti

Akina Uwesu wenyewe, uzao wa yule wa zamani, ni hawa wa Gerezani, na mkubwa wao sasa ni Mzee Mwinyimvua. Mjomba kanikataza kabisa nisiende. Sababu anayo: Siwatu, binti yake wa mwisho, anaolewa na mjukuu wa huyu huyu Mwinyimvua, tarehe 7 mwezi ujao, kabla ya mfungo. "Usiende kuwasumbua wakwe." Nimekwenda.

Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa, biskuti kwenye kisahani. Nyumba safi inayonuka dawa ya mbu. Mzee anaongea kwa kunong'ona, mtu umsogelee. Nikamwambia natafuta habari za Babu kwa ajili ya kijiji. Kacheka kidogo bila kufungua mdomo, kaingia ndani, katoka na kitabu cha ukoo kimefungwa kitambaa cha kijani.

Watoto wa Uwesu: saba. Kanisomea wote, na mama zao. Mabinti hawakuandikwa, nadhani hao walidondoka kutoka angani. Kitwana hayumo.

Kisha kafunua nyuma kabisa, bila mimi kuomba. Mali. Majembe kumi na mawili. Vitwana watano. Mbuzi thelathini. Katika mstari mmoja, hivyo hivyo. Majembe, wao, mbuzi. Majina hawana.

"Sisi tunajua, binti yangu," kaninong'oneza. "Hatusemi. Mjomba wako Uwesu tunampenda. Anatuchekesha."

Nikamuuliza, na harusi je? Kasema harusi ipo. Siku hizi sote ndugu, si ndivyo? Maadamu halijasemwa. Likiandikwa kwenye karatasi ya serikali litakuwa limesemwa, na hapo wanawake wa nyumba hii yeye hawawezi.

Nikasikia uso unawaka. Mimi! Mimi ninayeucheka ukoo huu tangu nijue kucheka. Nilitaka nimmwagie chai kwenye kitambaa chake cha kijani. Nikasema ahsante kwa biskuti.

Bora ningekuwa mbuzi. Mbuzi walau walikuwa thelathini.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwambia Mjomba. Nimemwambia vibaya, najua. Nimeanza na majembe.

Kwanza kasema: "Watakuwa wamemsahau."

"Mtu anasahau mtoto, Mjomba?"

"Watoto saba! Wewe unaona ni rahisi?"

Halafu kasema, haya, mbona mimi nimeitwa Uwesu? Mtoto huitwa jina la babu yake, mila iko wazi. Nikamjibu kwamba na watumwa waliwaita watoto wao majina ya mabwana zao, mila hiyo nayo iko wazi, na hata lile "Uwesu" kwenye stakabadhi za Mwingereza, karani alikuwa anadai majina mawili, Babu akatoa la pili lililokuwa karibu. Kapiga meza kwa ngumi. Kikombe changu cha maua kimevunjika.

Kasema nikiandika upuuzi huo Siwatu atarudishwa kama nguo ya dukani, na yeye atahama Kariakoo. Kasema bora nyumba ivunjwe, nyumba ni udongo. Nikamwambia aende akamwambie hivyo dada yake. Kaondoka bila kula. Tangu nimjue ni mara ya kwanza.

Mtu wa kuipoteza nyumba ya mwenzake kwa ajili ya kiti barazani! Namdharau. Naandika tena nione kama linaandikika: namdharau.

Alhamisi, 22 Agosti

Foleni ya unga tangu alfajiri, nimefika kazini saa tatu. Soko jipya bado wanamwaga zege, vumbi limeingia mpaka kwenye taipu. Bwana Champaklal, mwajiri wangu, hakunigombeza. Kaniuliza tu, nikamweleza yote, sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye si ndugu.

Jengo hili la ofisi, hapa Mchafukoge, lilikuwa lake mpaka serikali ilipolichukua mwaka sabini na moja. Sasa anapanga chumba kimoja ndani ya nyumba aliyoijenga baba yake. Kasema: "Mimi hati nilikuwa nayo, Zamzam. Mihuri mitatu. Jina la baba yangu limeandikwa vizuri sana." Kafuta miwani kwa tai. "Lakini wewe tafuta tu. Mimi nakupa muhuri wa nakala bure."

Kisha kanikumbusha barua za jana hazijakwisha.

Jumapili, 25 Agosti

Mama kaja! Peke yake, na kuku na mihogo, kavaa kanga mpya. Kasema kachoka kuletewa maneno na makonda, kasikia kuwa tunagombana, katokea mwenyewe. Kamtuma jirani amwite Mjomba. Mjomba kaja mbio, kaketi chini kwenye mkeka mbele ya dada yake kama mtoto wa chuo. Sijawahi kumwona mdogo hivyo.

Kila mmoja wetu kasema lake. Mama anamenya mihogo. Hatukumaliza.

"Baba alikuwa akiitwa Kitwana," kasema. "Akiitwa, anaitika. Sasa nyie mnataka nini zaidi?"

Nikamwambia tunataka kujua kama lilikuwa jina.

Kasema: "Jina alikuwa nalo jingine. La kwao, huko alikotolewa. Alilopewa na mama yake. Nilimuuliza nikiwa nauguza mguu wake, mwaka aliokufa. Hakunitajia."

Mjomba kainamisha kichwa, anachunguza mkeka.

Kwa hiyo Mama alijua. Miaka yote ile ya simba na bunduki, Mama anajua, na anamwacha kaka yake aongee. Nikamuuliza kwa nini. Kasema Uwesu aliondoka shambani mdogo, kaja mjini, huku mjini mtu haishi bila ukoo. Yeye Mama hakuhitaji. Yeye alikuwa na mkuyu na jiwe.

"Andikeni mnavyotaka," kasema. "Mimi nataka kulala kwangu."

Kaondoka na basi la saa tisa. Mihogo ilikuwa mizuri, laini, ya shambani kwake.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimepata akili! Ndugu Tarsis hasomi Kiarabu, anataka nakala kwa herufi za kizungu, yenye muhuri wa ofisi. Basi nimemtengenezea. Nimepiga yote kwa herufi kubwa, kutoka juu mpaka chini. LIMEFYEKWA NA KITWANA WA UWESU. Karani wa akida mwenyewe asingesema vizuri zaidi. Mjomba asome analolitaka, katibu asome analolitaka, Mama alale.

Bwana Champaklal kapiga muhuri. Kaitazama, kanitazama. "Zamzam, wewe ungekuwa wakili." Nimejisikia mwerevu siku nzima, na mtu akijisikia mwerevu siku nzima kuna kitu hakioni.

Nimempa kondakta wa Kisarawe aipeleke.

Jumatano, 28 Agosti

Ndugu Tarsis kaja mwenyewe mpaka ofisini. Alikuwa mjini kutafuta mabati. Kijana, hata ndevu bado zinabahatisha. Suti ya Chama ya kijani, kalamu tatu mfukoni. Kaniita ndugu mara kumi na nne, kikohozi kikavu kila baada ya sentensi.

Kaweka karatasi yangu mezani. "Ndugu, hapa mbona yote makubwa? Hapa ni jina, au ni hali ya mtu?"

Nikamwambia imeandikwa kama ilivyo.

Si mjinga. Ndiyo tabu yake. Kasema kule watu wameshamwambia habari mbili, sasa anataka karatasi iseme moja. Kanifafanulia kama anahutubia mkutano. Kama aliyefyeka ni Kitwana, mtoto wa Uwesu, basi lile ni shamba la ukoo wa kabaila, na makabaila walilimiwa. Linaingia kijijini lote, nyumba na kila kitu, hana la kufanya. Lakini kama ni mtwana, mtumwa mnyonge, aliyefyeka kwa mkono wake mwenyewe — macho yakamng'aa! — huyo ndiye hasa wanayemtafuta. Nyumba inabaki. Makaburi yanazungushiwa ua. Na atamsoma kwenye mkutano wa hadhara, na kuweka bango barabarani: HAPA ALIFYEKA MTWANA WA KABAILA UWESU, KWA JASHO LAKE.

"Na jina lake je?" nikamuuliza.

Kakohoa. Kasema jina si muhimu sana, ndugu, muhimu ni mfano.

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Mzee Mwinyimvua anawaweka kati ya majembe na mbuzi, huyu anawaweka kwenye bango, na wote wawili hawana haja ya jina. Tofauti ni kwamba huyu atamwachia Mama nyumba.

Anataka nakala mpya, herufi kubwa mahali pake na ndogo mahali pake. Ijumaa saa kumi atapita kuichukua, Jumamosi inasomwa.

Alhamisi, 29 Agosti

Sikulala vizuri. Kazini nimekosea barua tatu. Ningefanya kwa furaha kabisa wiki mbili zilizopita! Herufi ndogo, tap, na Mjomba Uwesu anaanguka na bunduki zake mbili. Ningelipa kuona.

Siwatu kapita jioni kunionyesha gauni. Ana miaka kumi na tisa, anaongea mpaka anasahau kuvuta pumzi. Kaniomba nimpigie kadi za mwaliko. "Ukoo wa Mzee Uwesu Kitwana na ukoo wa Mzee Mwinyimvua." Nimezipiga hamsini. Herufi kubwa zote mahali pake.

Ijumaa, 30 Agosti

Naandika haya ofisini, mezani kwangu, saa tisa na nusu. Bwana Champaklal yuko chumba cha ndani, amefunga mlango kwa makusudi, ana adabu kuliko ndugu zangu wote. Karatasi imo kwenye taipu. Imefika hapa: "limefyekwa na". Imekaa hapo tangu saa saba.

Saa nane Mjomba kaingia. Kanzu ya Ijumaa, kofia, bakora. Nilijiandaa kwa kelele. Nilikuwa nimezipanga zangu pia, nzuri, zenye ncha.

Kaketi kiti cha wateja. Hakupiga kelele. Kauliza kama mimi nimekula.

Halafu kaanza kuongea, chini chini, anaitazama taipu badala ya mimi. Kasema amejua tangu ana miaka saba. Kila Idi, Babu alikuwa anamtwika madafu, wanatembea toka shambani mpaka nyumba ya akina Uwesu, na wanaingia kwa mlango wa uani. Babu mwenyewe, mtu mzima, mwenye shamba lake, mwenye wake wawili, anavua kofia uani na kusubiri aitwe. Na watoto wa mle ndani wanamtuma Uwesu mdogo maji, mawe, chochote, halafu wanayamwaga wanamtuma tena.

"Mpaka leo," kasema, "nikienda kwa mkwe wangu Mwinyimvua, miguu inanipeleka uani. Nafika karibu na choo ndiyo nakumbuka, nazunguka." Kacheka. Kicheko chake kile kile cha barazani, lakini kidogo.

Kasema Jumamosi ijayo yeye ni baba wa bibi harusi. Baba wa bibi harusi anapokelewa mlango wa mbele, na ubani, na watu wamesimama. Mara moja tu. Baada ya hapo hata bango waweke, hata wapake rangi nyekundu.

Nikamwambia, Mjomba, na Mama?

"Najua."

"Kesho ndiyo mwisho. Si Jumamosi ijayo."

"Najua, Zamzam. Najua kuhesabu siku. Ndiyo maana sikukuomba kitu. Nimekuja tu nikae hapa."

Ningetaka kumdharau. Nimejaribu, kusema kweli, nimetafuta pale pale ninapoitafuta dharau siku zote, kwenye simba, kwenye barua ya uzembe, kwenye karatasi iliyoshikwa miguu juu. Mtoto wa miaka saba aliyetumwa maji mpaka jua linazama, alipata wapi muda wa kusoma chuo?

Najidharau mimi. Mimi niliyeanza na majembe.

Saa kumi kasorobo. Mjomba hajasogea. Kaweka bakora magotini. Kwenye taipu kitufe cha herufi kubwa kiko kushoto, kimelika kidogo, kinahitaji kukandamizwa. K ndogo haitaki nguvu yoyote. Na mtu mwenyewe hakuitwa hivi wala hivi. Mama yake alimwita kitu kingine, na hakuna mashine duniani yenye herufi zake.

Mama yuko kule sasa hivi. Wakati huu huwa anafagia mbele ya kaburi la baba.

Hodi. Ni katibu, kile kikohozi chake. Nimeandika herufi moja hapa pembeni kwa kalamu, nimeikata, nimeandika nyingine. Mjomba kasimama kabla yangu, kavua kofia, kaenda kumfungulia mlango. Hakuna aliyemtuma.